Damu Mbili Ndani ya Mwanamke Mmoja

Wiki hii siasa za Visiwani tuzipumzishe. Nataka tuzungumze historia ya damu, hasa damu ya mama zetu na dada zetu wa pwani.

Mwaka 1956 watafiti wa Marekani waligundua kwa nini baadhi ya wafungwa weusi wa Illinois waliopewa primakwini, dawa ya malaria, walipungukiwa damu ghafla. Chembe zao nyekundu zilikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kumbe huku kwetu hali hiyo ilikuwa ya kawaida. Mwaka 1960 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa Afrika Mashariki upungufu huo umeenea palipo na malaria nyingi. Mwaka 1961 yeye na David Clyde wakaandika kuhusu watoto wa Tanganyika: wenye upungufu walikutwa na vimelea vichache. Yaani kasoro hiyo hiyo ni kinga!

Sasa hapa pana jambo. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, mwanamke anazo mbili. Je, akirithi moja nzima na moja mbovu, damu yake ikoje?

Mwaka huo huo wa 1961 Mary Lyon, Mwingereza aliyechunguza panya, alisema kila seli ya jike huizima X moja. Mwaka 1962 Ernest Beutler akatumia G6PD kuonyesha kuwa mwanamke wa aina hiyo ana chembe nzima na dhaifu, zimechanganyika.

Nani huzima? Jeni ya XIST iligunduliwa mwaka 1991. Yenyewe haitengenezi protini. Hutoa RNA ndefu inayoifunika X ile ile ilikotoka, mithili ya buibui, kisha huvuta protini za kuzifunga jeni zake nyingi. Seli ikigawanyika, watoto wake hufuata uamuzi ule ule.

Msidhani haya ni ya maabara tu. Upungufu huu upo kwetu, na upo kwa wingi Oman, waliko jamaa zetu wengi. Kipimo cha haraka cha ndiyo au hapana kinaweza kumwambia mwanamke ni mzima, kumbe nusu ya chembe zake ni dhaifu. Akipewa primakwini ya siku nyingi, zinaweza kupasuka.

Kwa hiyo dada yangu, usitegemee majibu ya kaka yako. Kabla ya dawa hiyo, omba kipimo kinachoonyesha kiwango chako mwenyewe.