Chuo, Silabi na Usomaji wa Awali wa Mtoto Nchini Kenya

Aghalabu historia ya usomaji nchini Kenya huanzishwa na kufika kwa Krapf Mombasa mwaka 1844, kana kwamba kabla yake mtoto wa Mswahili hakuwa na mwalimu. Dai hili halithibitiki. Katika vyuo vya Lamu na Mombasa mtoto alianza kwa ubao na herufi za Kiarabu. Akazitaja moja moja kwa majina yake, kisha akazifungamanisha na fataha, kasiri na dhumma hata akapata silabi. Ndipo alipoingia katika juzuu, na hatimaye akahitimu.

Wakosoaji wamesema kwamba mtoto huyo alikariri asichokifahamu. Ni kweli, kwa kuwa lugha ya Msahafu haikuwa lugha ya nyumbani kwao. Lakini husahau kilichofuata: ufunguo uliopatikana chuoni ulifungua pia lugha ya mama. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita bintiye aje na wino na karatasi. Yaani mtoto wa kike alitarajiwa kujua kuandika, tena Kiswahili. Hati yenyewe ilikuwa na upungufu, maana alama tatu zilibeba irabu tano, na msomaji alilazimika kuamua mwenyewe kati ya e na i, au o na u. Aliyeijua lugha aliamua bila taabu.

Hati ya Kilatini iliondoa tatizo hilo. Kiswahili, ambacho takriban silabi zake zote huishia kwa irabu, kilifaa mno kufundishwa kwa ba, be, bi, bo, bu. Ajabu ni kwamba chombo kilipokamilika ndipo kilipowekwa kando. Mwaka 1957 ulianzishwa Nairobi, kwanza kwa watoto wa Kiasia, mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Mtoto wa kijijini akarudi kukariri asichokifahamu, na kosa lililolaumiwa chuoni likapokelewa darasani kuwa maendeleo. Tena ufunguo wenyewe ulikuwa mgumu: maendelezo ya Kiingereza, ambamo herufi moja hutamkwa kwa namna nyingi, yalimtatiza alipojaribu kusoma barua ya shangazi yake.

Kamati ya Gachathi, mwaka 1976, ilipendekeza lugha ya mazingira ya shule itumike katika madarasa matatu ya kwanza, na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vilikuwapo katika lugha kadhaa. Utekelezaji ulisitasita. Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kote kuanzia mwaka 2015, ulimrudishia mwanafunzi wa darasa la kwanza sauti na silabi za Kiswahili, sambamba na za Kiingereza.