Habari za Michezo ya Kuchekesha Shuleni, na Nani Achekwaye

Wanafunzi wetu wa sekondari hapa Nyakunguru walipotuletea mchezo wa kuchekesha walioutunga wenyewe, tuliusoma mara mbili kabla ya kuwapa ruhusa. Ndani yake yumo mzee atokaye kijijini, amevaa koti kubwa kuliko mwili wake, amefika mjini kumtafuta mwanawe. Mlango wa ofisi haujui, karani amwamkia kwa Kikuria, na kila afanyalo ni kosa. Tulicheka. Kisha tukakumbuka ya kuwa mzee wa namna hiyo ndiye aliyeuza ng'ombe ili sisi tusome, nasi tukaona heri tuitafute asili ya kicheko hicho.

Wazee wetu hawakukosa mzaha, walakini mzaha wao ulikuwa na mipaka. Katika Wakuria babu na mjukuu hutaniana hata watu wakashika mbavu. Bali baba na mwana hawataniani kamwe, kwa kuwa heshima imesimama kati yao. Na utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, una sharti moja lisilovunjwa: atukanaye leo sharti akubali kutukanwa kesho, wala hakuna kununa. Basi achekwaye yupo mbele ya mchekaji, naye ana ulimi wa kujibu.

Kichekesho cha shuleni kilizaliwa kwingine. Wakati wa utawala wa Waingereza michezo mifupi ya mzaha ya Kiingereza ilichezwa katika shule za Tanganyika, na watu wetu wakaigiza namna hiyo kwa Kiswahili, wakaiita vichekesho. Haikuandikwa, wachezaji walipatana juu ya kisa, mengine wakayazua papo hapo. Ustadi wao ulikuwa mkubwa. Lakini tazama ni nani aliyechekwa: mara nyingi ni mshamba, mtu asiyesoma, asiyejua kutumia vitu vya kigeni. Yeye hakuwapo hapo ajibu. Tena mwanafunzi aliyemwigiza alikuwa mwana wa mtu wa jinsi ile ile, na hivyo jambo ambalo lingekuwa mwiko nyumbani lilipigiwa makofi shuleni. (Si kila mwalimu wa zamani aliyedharau mambo ya wenyeji, Mumford, huko Malangali katika nchi ya Iringa, tangu mwaka 1928 aliwataka wazee waje shuleni kufundisha ngoma na mila. Wachache walimfuata.)

Mfano mwema kuliko yote twaujua kutoka Kenya. Shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti, na chini ya Carey Francis, aliyekuwa mkuu wake tangu 1940 hata 1962, ilisifika kwa mitihani na nidhamu. Katika miaka ya 1950 michezo ya Shakespeare ilichezwa huko kila mwaka, kwa Kiingereza. Pembeni ya hayo mwanafunzi mmoja, Henry Kuria (jina lake tu lafanana na la kabila letu), alitunga mchezo wa Kiswahili juu ya mapenzi, “Nakupenda, Lakini”, ukachezwa mwaka 1954 na kupigwa chapa mwaka 1957. Wengine wakamfuata: Kimani Nyoike, Gerishon Ngugi, na B. M. Kurutu aliyetunga “Atakiwa na Polisi”. Msomaji akumbuke ni miaka gani hiyo. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Vijiji vilizungukwa na askari, na vijana hao walikuwa na ndugu msituni au kizuizini. Katika wakati kama huo walitunga michezo kwa lugha ambayo mpishi na kuli waliielewa, nao wakaitoa nje ya ua wa shule, wakaicheza hata Nakuru. Shakespeare wao alibaki kwa wageni waalikwa na wazazi wachache waliojua Kiingereza. Kiswahili kilimpa mtu wa mtaani kiti ukumbini, na mtu akiisha kuketi mbele yako huwezi kumcheka kama asiyekuwapo.

Hata jina la mchezo laweza kugeuza achekwaye. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alipofasiri mchezo wa Shakespeare wa wafanya biashara wa Venisi, uliotolewa mwaka 1969, aliuita “Mabepari wa Venisi”. Kwa neno hilo moja lawama ilimwondokea Myahudi peke yake ikawaangukia matajiri wote. Tafsiri nyingine ingeweza kuwa sahihi zaidi. Hii twaiona kuwa na akili zaidi.

Basi tuliwarudishia wanafunzi daftari lao bila kufuta neno, tukawauliza swali moja tu: mzee yule amjibu nini karani? Walirudi siku ya tatu. Mzee sasa asema Kikuria ukurasa mzima, na karani, ambaye ni Mkuria ajifanyaye hajui lugha hiyo, aelewa kila neno na jasho lamtoka. Siku ya kuuonyesha mchezo, akina mama waliokaa chini mbele ndio waliocheka kwanza. Mwalimu mwenzetu mmoja, mgeni wa nchi hii, alituinamia akauliza, “Amesema nini?”