Kibali cha Kutibu: Neno la Kumuuliza Munganga wa Meno

Katika mtaa wa Mabanga, komine ya Karisimbi mjini Goma, mtu akishikwa na jino usiku kucha, asubuhi huuliza mambo mawili: munganga wa meno yuko wapi, na kung'oa ni bei gani. Swali la tatu, lile la kumuuliza munganga ana ruhusa ya nani, ni wachache wanaolitoa. Hata anayelitoa huonyeshwa ukutani karatasi yenye muhuri, akaketi kitini akafungua mdomo. Muhuri ameuona, lakini hajui karatasi ile inaitwaje wala inathibitisha nini.

Kwa Kifaransa cha sheria za Kongo karatasi inayotakiwa huitwa “autorisation d'exercer l'art de guérir”. Katika mazungumzo ya Goma imefupishwa ikawa otorizasio tu. Makala haya yanapendekeza kwamba kwa Kiswahili tuiite kibali cha kutibu, na yanaeleza kwa nini leseni, cheti au usajili havitoshi.

Neno lilikotoka

Sehemu ya pili ya istilahi hiyo, “art de guérir”, ni ya zamani kuliko kolonia. Imo katika sheria ya tarehe 12 Machi 1818, iliyotungwa wakati Ubelgiji ilikuwa bado imeunganishwa na Uholanzi chini ya mfalme mmoja. Sheria hiyo ilikusanya kazi zote za kuponya katika fungu moja: udaktari, upasuaji, ukunga, utengenezaji wa dawa na utibabu wa meno, na ikaziweka chini ya uangalizi wa tume za tiba za mikoa. Elimu ya meno ya chuo kikuu ilichelewa. Ni mwaka 1929 ndipo Ubelgiji ilipoweka shahada rasmi ya “licencié en science dentaire”.

Kiswahili kina neno lenye upana uleule: uganga. Kuganga ni kutibu, kufunga kilichovunjika, kurekebisha kilichoharibika. Ndiyo maana wazee husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Huku Goma munganga ni daktari wa hospitali, na munganga wa meno ni daktari wa meno, bila shaka yoyote. Pwani na bara Tanzania, mganga peke yake mara nyingi hueleweka kuwa ni wa dawa za kienyeji, ingawa serikali ya Tanzania yenyewe ina Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye ni daktari. Kwa sababu ya tofauti hiyo, istilahi yenye “uganga” ingemchanganya msomaji wa Tanga au Mombasa. Kitenzi kutibu kinaeleweka sawasawa kutoka Zanzibar hadi Kisangani.

Sheria ya 1952

Ubelgiji iliitwaa Kongo mwaka 1908 kutoka mikononi mwa mfalme Leopold II. Sheria iliyodumu kuliko zote katika jambo hili ni dekreti ya tarehe 19 Machi 1952 juu ya kufanya kazi ya kutibu. Msingi wake ni huu: mtu hatibu wagonjwa kwa kutaka kwake, lazima awe na diploma inayotambuliwa, na mamlaka yawe yamemruhusu. Daktari wa meno aliingia humo pamoja na daktari, mfamasia, mkunga na muuguzi. Dekreti hiyo haikuondoka na Wabelgiji. Miongo mingi baada ya uhuru iliendelea kutajwa Kongo kama sheria ya kazi ya kutibu.

Swali la nani angeweza kupata diploma hiyo lilijibiwa na shule kuliko sheria. Mkongo aliweza kusomea uuguzi. Aliyefika mbali zaidi alikuwa “assistant médical”, ambaye shule yake ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1936. Alisoma miaka mingi, akapasua, akatibu malaria na malale, lakini diploma yake ilikuwa ya kolonia na daktari wa Kizungu alibaki juu yake. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na madaktari wake wa kwanza walimaliza baada ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 bendera iliposhushwa, Kongo haikuwa na daktari mzalendo mwenye shahada ya chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuwapeleka makumi ya “assistants médicaux” Ufaransa wakakamilishe masomo, na wakarudi wakiwa madaktari kamili. Uwezo walikuwa nao siku zote. Walichokuwa wamenyimwa ni njia.

Katika hali hiyo, mkulima au mchukuzi wa Kivu aliyeumwa jino alikwenda kwenye dispensari, na muuguzi akaling'oa kwa koleo. Madaktari wa meno wenye shahada walikuwa wachache na walikaa kwenye miji mikubwa.

Kuna kifungu kimoja zaidi kinachofaa kuangaliwa kwa karibu. Kifungu cha 15 cha dekreti kiliwaacha nje wenyeji waliotibu kwa desturi zao, mahali desturi hizo zilipozoeleka, mradi wasivuruge utulivu wa umma. Waingereza nao waliweka kifungu kinachofanana na hicho Tanganyika: sheria ya matabibu haikumzuia mtu anayetambuliwa na jamii yake kuwa amefunzwa tiba za asili. Mtu anaweza kukisoma kama heshima kwa wahenga, na kwa sehemu ni kweli. Lakini angalia kipimo chenyewe: kinachoulizwa katika dekreti ni kama utulivu umevurugika, si kama mgonjwa amepona. Kibali cha mkoloni kililinda kwanza mpangilio wa utawala na hadhi ya taaluma yake. Mgonjwa Mwafrika hakuwa yeye ambaye karatasi ile iliandikwa kwa ajili yake.

Karatasi tatu ukutani

Turudi Mabanga. Kwenye ukuta wa chumba cha munganga wa meno zinaweza kuning'inia karatasi za aina tatu, na kila moja inasema jambo lake.

Ya kwanza ni diploma. Inasema mwenyewe alisoma, wapi, na akafaulu nini. Haisemi kama leo anaruhusiwa kufanya kazi.

Ya pili ni patenti. Hii ni karatasi ya kodi ya biashara ndogo, na huwa na mwaka wake. Muuza makaa, mshona nguo na kinyozi hukata patenti. Ina muhuri wa serikali, mara nyingi ni mkubwa na unang'aa, lakini inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba mtu amelipa. Haijui kama mkono wake unaweza kushika sindano.

Ya tatu ndiyo otorizasio: mamlaka ya afya yamekagua diploma, yakamtambua mtu huyu kuwa anaweza kutibu, na yakamruhusu. Hapa pia kuna pacha anayefanana nayo, yaani ruhusa ya kufungua kliniki. Hiyo ni ya nyumba, vyumba na vifaa. Kliniki inaweza kuwa na ruhusa halali huku anayeshika koleo ndani yake hana.

Anayechukua patenti akaipokea kama otorizasio amepumbazwa na muhuri. Kosa hilo si la ujinga. Limelelewa na lugha. Karatasi zote tatu huitwa “papie” au “dokima”, na tukiziita zote kwa jina moja hatuna njia ya kuuliza ile tunayoitaka.

Kwa nini si leseni

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atasema neno lipo tayari: leseni. Kwake liko sawa. Kwa mtu wa Goma lina matatizo mawili.

La kwanza ni la shule. Katika Kongo “licence” ni shahada ya chuo kikuu, na “licencié” ni aliyeipata. Daktari wa meno wa Ubelgiji mwenyewe aliitwa “licencié en science dentaire”: hilo lilikuwa jina la elimu yake, si la ruhusa yake. Ukimwambia mama wa Mabanga kwamba daktari huyu ana leseni, anaweza kuelewa kuwa amemaliza chuo kikuu, kumbe wewe ulitaka kusema ameruhusiwa kutibu. Kwa istilahi ya afya, utata wa namna hiyo ni hatari.

La pili ni la historia, na linawahusu pia Wakenya na Waganda. Uingereza ilikuwa imeanza daftari la madaktari wa meno kwa sheria ya 1878, na kwa sheria ya 1921 ikawakataza wasioandikishwa kufanya kazi hiyo. Kenya ilikuwa na sheria yake ya madaktari na madaktari wa meno tangu 1910. Katika utaratibu huo wa Waingereza palikuwa na ngazi mbili. Ya juu ni kuandikishwa kwenye daftari, na aliyeandikishwa alikuwa huru kufanya kazi yake. Ya chini ni kupewa leseni, ambayo iliweza kumfunga mtu kwenye utumishi wa serikali au mahali fulani. Waafrika waliofunzwa udaktari katika chuo cha Makerere, Uganda, walikaa ngazi ya chini kwa miaka mingi, na hata wakiwa na ujuzi hawakuweza kufungua chumba chao cha kutibu kama wenzao Wazungu. Ni mwaka 1957 ndipo baraza la madaktari la Uingereza lilipoitambua diploma ya Makerere. Kwa hiyo leseni na usajili havikuwa kitu kimoja. Mwandishi anayezitumia kana kwamba ni visawe anaifuta tofauti ambayo watu walipigania kwa miaka.

Idhini ni neno zuri, lakini katika hospitali tayari lina kazi: mgonjwa ndiye anayetoa idhini ya kupasuliwa. Ruhusa ni pana mno. Hata mtoto huomba ruhusa ya kutoka darasani. Cheti kimekwisha kuchukuliwa na shule.

Kinabaki kibali. Ni ndugu wa kitenzi kubali, na kina maana mbili zinazokaa pamoja: ruhusa rasmi, na kupokelewa na watu. Tukisema fulani amepata kibali mbele ya watu, tunasema wamemkubali. Hicho ndicho ruhusa ya kutibu inapaswa kuwa: jamii, kwa mkono wa mamlaka yake, imekukubali uguse miili ya watu wake. Na kwa sababu kuna vibali vya kujenga, vya kusafiri na vya kuchimba madini, tunaongeza kazi yenyewe: kibali cha kutibu.

Familia ya istilahi ikae hivi. Diploma au shahada ni ushahidi wa masomo. Usajili ni jina kuandikwa katika daftari la taaluma. Kibali cha kutibu ni ruhusa ya mtu kufanya kazi hiyo. Kibali cha kufungua kliniki ni ruhusa ya mahali. Patenti ni kodi. Na wafanyakazi wenyewe tusiwachanganye: daktari wa meno, tabibu meno na fundi wa meno bandia ni watu watatu, na kibali cha mmoja si cha mwingine.

Kibali kinachunga nini

Chukua koleo la kung'olea. Baada ya kila mgonjwa lina damu na mate, njia ya homa ya ini aina ya B na ya virusi vya Ukimwi. Kulisafisha sawasawa kunataka mashine ya mvuke wenye shinikizo: nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, au nyuzi 134 kwa angalau dakika 3. Goma iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakiwa nyuzi 95 hivi. Anayechemsha koleo katika sufuria hapa Mabanga, hata moto uwe mkali vipi, hafiki 100, sembuse 121. Kisha kuna sindano ya ganzi ya taya la chini, inayochomwa karibu na neva na mishipa ya damu, na kuna mgonjwa wa moyo au mwenye damu isiyoganda ambaye jino lake haling'olewi kabla ya kuulizwa maswali. Aliyesoma anayajua haya. Kibali cha kutibu ni neno la serikali kwa mgonjwa kwamba imehakikisha anayajua.

Ndiyo maana kurithi sheria ya 1952 hakutoshi. Tangu hapo Kongo imeunda baraza lake la madaktari mwaka 1968, na tarehe 13 Desemba 2018 ikatunga sheria ya misingi ya afya ya umma. Lakini sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa, juu ya karatasi yenye jina la Kifaransa, inamfikia nusunusu mgonjwa anayezungumza Kiswahili. Mkoloni hakujali kama mgonjwa alielewa. Sisi hatuna udhuru huo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu watatu. Ofisi ya zone ya afya iandike kwenye tangazo lake maneno haya kwa Kiswahili: Mwombe munganga wako akuonyeshe kibali cha kutibu. Redio za Goma zilitumie neno hilo kila zinapozungumzia afya, mpaka lizoeleke. Nawe msomaji, kabla hujafungua mdomo, uliza kibali cha kutibu, soma jina lililoandikwa juu yake, na uhakikishe ni la huyo aliyesimama mbele yako na koleo mkononi. Mwenye nacho hatachukia kuulizwa.