Wawili na Siri Moja: Utunzi wa Ubia katika Riwaya ya Taharuki kwa Vijana

Taharuki ni suala la nani anajua nini, na anakijua lini. Mwandishi anajua yote, mhusika anajua kidogo, na msomaji yuko katikati yao, mara akimtangulia mhusika, mara akiachwa nyuma. Kipimo hicho kikikosewa, riwaya inapoa hata kama ina maiti tatu katika sura ya kwanza. Tatizo la mwandishi aliye peke yake ni kwamba hawezi kuusoma mswada wake kama mtu asiyeujua mwisho. Makala haya yanashikilia kwamba hapo ndipo penye thamani ya kutunga na rafiki, na kwamba thamani hiyo huongezeka msomaji anapokuwa kijana. Hata hivyo, haipatikani kwa marafiki kufanana. Hupatikana kila mmoja anapobaki na upande wake.

Mfano uliokomaa zaidi unatoka Ufaransa. Pierre Boileau wa Paris alipata tuzo ya Prix du roman d'aventures mwaka 1938. Thomas Narcejac, mwalimu wa Nantes, akaipata mwaka 1948, na mwaka huohuo wakafahamiana. Kila mmoja alikuwa tayari ana vitabu vyake. Waliamua kuandika pamoja kwa sababu wote wawili walichoshwa na riwaya ya mpelelezi mwerevu anayekusanya washukiwa sebuleni, na hawakuvutiwa pia na ile ya Kimarekani yenye bastola kila kona. Walitaka riwaya ya mwathirika: mtu wa kawaida aliyenaswa katika jambo asilolielewa, na msomaji amenaswa naye.

Waligawana kazi kwa vipaji. Boileau alibuni msuko, yaani fumbo na jinsi litakavyofumbuliwa. Narcejac alijenga mazingira, nafsi za wahusika na lugha yenyewe. Mgawanyo huu unaonekana rahisi, lakini ndani yake mna nidhamu kali. Anayebuni tukio anauliza kama linawezekana. Anayeliandika anauliza kama mtu mwenye akili timamu angeliogopa. Tukio lisilopita maswali yote mawili halifai. Mwandishi mmoja anaweza kujiuliza maswali hayo, ila ni vigumu kujibishana kwa haki na nafsi yako mwenyewe.

Matunda ya ushirika huo yanajulikana hata na watu wasiowahi kuyasikia majina yao. Celle qui n'était plus ya mwaka 1952 ilizaa filamu ya Henri-Georges Clouzot, Les Diaboliques, mwaka 1955. D'entre les morts ya mwaka 1954 ikawa Vertigo ya Alfred Hitchcock mwaka 1958. Kuna tofauti moja kati ya riwaya hiyo ya pili na filamu yake ambayo kila mwandishi wa taharuki angefaa kuitafakari. Waandishi waliificha siri hadi mwishoni, hivyo msomaji anabaki gizani pamoja na mhusika mkuu. Hitchcock aliifichua kabla ya mwisho: mtazamaji anajua, mhusika hajui, na hofu inahama kutoka kwenye swali la nini kilitokea hadi swali la nini kitatokea atakapojua. Msuko ni uleule. Kilichobadilika ni ugavi wa maarifa.

Mwaka 1971 wawili hao waligeukia vijana. Walianzisha mfululizo wa Sans Atout, ambao shujaa wake, François Robion, ni mtoto wa wakili wa Paris. Katika kitabu kuhusu farasi wa ajabu, kijana huyo yuko kwenye kasri huko Bretagne, na usiku zinasikika kwato za farasi asiyeonekana. Waandishi hawakumpunguzia kijana ugumu wa fumbo wala hawakumwekea mtu mzima wa kumfikiria. Hofu ni ya kweli, na jibu ni la akili, si la mizimu. Heshima hiyo kwa msomaji mdogo ndiyo inayokosekana katika vitabu vingi vinavyodai kumlenga.

Njia ya pili ni kugawana sauti badala ya kazi, nayo inaifaa zaidi hadhira ya vijana wa leo. Mwaka 2019 Kimberly Jones na Gilly Segal walichapisha I'm Not Dying with You Tonight. Wasichana wawili wa shule moja ya sekondari mjini Atlanta, Lena na Campbell, wako kwenye mechi ya usiku. Ugomvi unazuka, risasi zinalia, na wanajikuta wakilazimika kuuvuka pamoja mji unaochafuka. Lena ni Mweusi na anazijua njia. Campbell ni mzungu, tena mgeni. Sura zinapishana, kila msichana akisimulia kwa nafsi ya kwanza, Jones akiandika za Lena na Segal za Campbell. Msomaji anayasikia mawazo ya wote wawili, lakini kila msichana ana yake tu. Polisi wanapotajwa, mmoja anafikiria msaada na mwingine anafikiria hatari. Taharuki haisubiri bunduki. Inatokana na umbali kati ya vichwa viwili vinavyotembea bega kwa bega. Kwa maoni ya makala haya, mwandishi mmoja angepata shida kuulinda umbali huo bila kumwonea mmoja wao.

Wapo wanaokwenda kinyume na hayo. Kami Garcia na Margaret Stohl, waandishi wa Beautiful Creatures ya mwaka 2009, walipokezana maandishi na kuyafuta na kuyaandika upya hadi ikapatikana sauti moja tu, ya kijana Ethan Wate. Taharuki yao wameiegemeza kwenye tarehe, siku Lena Duchannes atakapotimiza miaka 16. Walifaulu, bila shaka, ila njia hiyo inadai kila mmoja aikubali kalamu ya mwenzake juu ya sentensi zake, na si kila urafiki unalihimili hilo.

Kwa waandishi wa Kiswahili, njia ya sauti mbili haipaswi kuonekana ngeni. Riwaya yetu ya upelelezi, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla katika miaka ya 1960, kwa sehemu kubwa imekuwa kazi ya mtu mmoja mmoja. Lakini ushairi umezoea kujibizana tangu enzi za Muyaka wa Mombasa na kabla yake: malenga anatupa hoja, mwenzake anaipokea na kuirudisha kwa sauti yake. Vijana wawili wanaoandikiana sura, mmoja akimwachia mwenzake mhusika hatarini, wangekuwa wanaendeleza ufundi uliopo nyumbani.

Kinachohitaji uangalifu ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaitambua kazi ya utunzi wa pamoja kuwa ile ambayo mchango wa kila mtunzi hautenganishiki. Riwaya iliyoandikwa kwa kalamu iliyochanganywa inaingia humo bila ubishi. Ile ya sura za kupishana inaweza kuzua mabishano. Hata kifo huacha swali la jina: Narcejac aliendelea kuchapisha kwa jina la wote wawili baada ya Boileau kufariki mwaka 1989. Marafiki wanaoanza leo wanahitaji kuandikiana mapema, kabla ya sura ya kwanza, mambo kama hayo: jina la nani litangulie jaladani, mapato yagawanywe vipi, nani mwenye neno la mwisho kuhusu mwisho wa hadithi, na shujaa atabaki wa nani iwapo mmoja atataka kuendelea na mwingine amechoka.