Bethesda: Mji wa Sleti

Mvua ikinyesha Bethesda, kaskazini mwa Wales, kuta za machimbo hugeuka zambarau. Hiyo ndiyo rangi ya sleti ya hapo, jiwe linalopasuka kama kurasa za msahafu wa kale. Mpasuaji huliegemeza bamba pajani, huweka patasi pana ukingoni, kisha hugonga kidogo kwa nyundo ya mbao. Jiwe huachia lenyewe. Vigae hivyo vyembamba ndivyo vilivyoezeka miji ya viwanda ya Uingereza.

Mji ulichukua jina la kanisa lililojengwa mwaka 1820, na wenyeji wake hadi leo huzungumza Kiwelisi.

Machimbo ya Bethesda, yaitwayo Penrhyn, yalikuzwa na Richard Pennant kuanzia miaka ya 1780, kwa fedha za miwa ya Jamaika iliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipokomeshwa, mrithi wake, George Hay Dawkins-Pennant, alifidiwa pauni 14,683 kwa watumwa 764. Waliotumikishwa hawakupata hata senti. Dawkins-Pennant ndiye aliyejijengea Kasri la Penrhyn, karibu na Bangor, na ndani yake kuna kitanda cha sleti chenye uzito wa tani moja.

Novemba 22, 1900, wachimbaji wapatao 2,800 waliacha kazi. Walidai chama chao kitambuliwe. Lord Penrhyn wa wakati huo, mwenye machimbo, alikataa katakata kuzungumza nacho. Machimbo yalipofunguliwa tena mwaka 1901, mamia walirudi. Hapo mji ukapasuka. Madirishani zikabandikwa karatasi: “Nid oes bradwr yn y tŷ hwn”, yaani, hakuna msaliti katika nyumba hii. Dirisha lisilo na karatasi lilijieleza. Kwaya za wagomaji zilizunguka Uingereza zikiimba ili watoto wapate chakula, na wanaume wengi wakahamia migodi ya makaa ya mawe ya kusini mwa Wales.

Novemba 1903 walisalimu amri, bila kupata walichodai. Ushindi ule wa bwana mwenye machimbo ulikuwa dhuluma, na Bethesda haijausahau.

Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha mandhari ya sleti ya eneo hili kuwa Urithi wa Dunia, machimbo na kasri pamoja. Msafiri atakayefika huko aanzie Bethesda, azitazame nyumba za wachimbaji, ndipo aende kulitazama kasri.