Gurudumu la Inchi 26 na Watu Warefu

Kila mtu mrefu anayekuja kwenye karakana yangu hapa Moshi kutafuta baiskeli yake ya kwanza ya milimani huanza na gia. Ina gia ngapi? Ina shokapu mbele? Breki zake ni za diski? Mimi mwenyewe nina futi sita na inchi nne, na ninajua kwa nini hawaulizi habari za fremu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba baiskeli hizi zilijengwa kwa miaka mingi kulifuata gurudumu ambalo halikuchaguliwa kwa ajili yao. Historia hiyo inaokoa pesa, ndiyo maana naiandika.

Mwaka 1933, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ya Schwinn ya Chicago ilianza kuuza baiskeli zenye matairi manene ya inchi 26 kwa 2.125. Wateja iliowalenga hasa walikuwa watoto na vijana, wakiwemo wavulana wa kusambaza magazeti, ambao walipandisha baiskeli juu ya kingo za barabara na kuziangusha chini kila nyumba waliyofika. Tairi nene lilistahimili adha hiyo. Baiskeli zenyewe zilikuwa nzito, za gia moja, na breki ya kukanyagia nyuma. Miaka ikapita, zikazeeka mabandani, bei ikawa ya kutupa.

Huko mabandani ndiko vijana wa Marin, kaskazini ya San Francisco, walikozikuta katika miaka ya 1970. Waliyoipenda kuliko zote ilikuwa fremu ya Schwinn Excelsior. Waliivua madigadi na kila kisichohitajika, wakazipandisha baiskeli Mlima Tamalpais kwa kuzisukuma au kuzipakia kwenye pikapu, kisha wakashuka nazo kwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana rasmi kwenye njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, yenye mteremko wa takriban mita 400 ndani ya umbali wa kama kilomita tatu. Rekodi ya njia hiyo ikaja kuwa ya mmoja wao, Gary Fisher: dakika 4 na sekunde 22.

Breki ile ya kukanyagia nyuma inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hata hapa tunayo. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Uholanzi zinakuja nayo. Inafanya kazi ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: ukikanyaga kinyume, vyuma vinatanuka na kusugua ukuta wa kitovu, na katikati yake hakuna kitu ila grisi. Ukiifungua ya baiskeli iliyotembea mjini, grisi inatoka laini, ya kahawia. Ukiifungua ya baiskeli iliyoteremka kutoka vijiji vya juu na mikungu ya ndizi, unakuta masizi makavu, na chuma kimebadilika rangi kuwa bluu kwa joto. Kule Marin vitovu vilitoa moshi kabisa. Mtu akifika chini ilimbidi afungue gurudumu na kujaza grisi upya, na ndiyo sababu njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya.

Kwa kuchoshwa na fremu kuukuu zilizokuwa zikivunjika, Joe Breeze, mmoja wa wale vijana, alitengeneza baiskeli mpya mwaka 1977 kwa mabomba ya chuma cha kromoli. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Fremu ilikuwa mpya, lakini gurudumu lilibaki lilelile la inchi 26, kwa sababu tairi nene la kufaa milimani lililopatikana dukani lilikuwa la ukubwa huo. Mwaka 1979 fundi Tom Ritchey akawa anaunda fremu, na Fisher pamoja na mwenzake Charlie Kelly wakaziuza baiskeli hizo kwa kama dola 1,300. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kiwandani, kwa dola 750. Hapo ndipo baiskeli ya milimani ilipoanza kukaribia mfuko wa mtu wa kawaida, na gurudumu la wasambaza magazeti likawa kipimo cha dunia nzima.

Fremu za mwanzo walau ziliwakumbuka warefu. Zilipimwa kwa inchi, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali hadi ncha ya juu ya bomba la kiti, na ukitafuta uliweza kupata ya 21, 22 au hata 23. Baadaye watengenezaji wakaliinamisha bomba la juu, fremu ikawa fupi na nyepesi, na mtu mrefu akaambiwa avute kiti. Kiti kweli kinavutika. Ila usukani haukifuati, wala fremu hairefuki. Mgongo unapinda, uzito wote unalala viganjani, na kwenye mpando mkali makalio yanakuwa nyuma mno hata gurudumu la mbele linanyanyuka.

Kuna pia hatari ya chuma chenyewe. Nguzo ya kiti imechorwa alama inayoonyesha mwisho wa kuivuta. Mrefu mwenye fremu ndogo huipita alama hiyo bila kujua, na kila akiketi ile nguzo inakuwa mtaimbo unaokwanyua bomba kwa ndani. Fremu za alumini nilizozikataa kwa sababu hiyo zimepasuka mahali pamoja, pale bomba la juu linapokutana na bomba la kiti. Ufa wenyewe ni mwembamba na hujificha chini ya rangi. Futa vumbi, elekeza tochi kwa ubavu, uutafute kabla hujatoa pesa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Gary Fisher, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa tayari chini ya kampuni ya Trek, alianza kuuza fremu zenye bomba refu la juu na shingo fupi ya usukani. Nafasi ya mwili ikaongezeka bila mpandaji kulazimika kulala mbele. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa alilowafanyia warefu, kubwa kuliko gurudumu kubwa lililofuata, ingawa gurudumu ndilo linalosifiwa.

Gurudumu kubwa lilikuwa limejaribiwa mapema. Geoff Apps, Mwingereza aliyetengeneza baiskeli za njia za matope, aliwapelekea wenzake wa Marin matairi ya theluji kutoka Finland mwanzoni mwa miaka ya 1980, yakiwemo yanayovaa rimu ya milimita 622. Matairi hayo yalikuwa machache, na wazo likalala. Mwaka 1999 kampuni ya Wilderness Trail Bikes ikatoa Nanoraptor, tairi nene la rimu hiyo, na muda mfupi baadaye Fisher akaweka sokoni baiskeli zinazoitwa inchi 29. Watu warefu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzikumbatia. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Ucheki, mtu wa zaidi ya mita 1.85, alichukua dhahabu juu ya magurudumu ya 29. Alimshinda Nino Schurter wa Uswisi, mfupi kuliko yeye kwa zaidi ya sentimita kumi, aliyepanda magurudumu madogo zaidi, na tofauti yao mstarini ilikuwa sekunde moja. Kila mmoja alikuwa na kipimo chake.

Katika mbio hizohizo alikuwepo Adrien Niyonshuti wa Rwanda, na alizimaliza. Timu iliyomkuza ilitokana na safari ya Tom Ritchey yuleyule, aliyefika Rwanda mwaka 2005, akawaona wakulima wakibeba mizigo kwa baiskeli za mbao, kisha akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Mkono ulioziunda fremu za 1979 ukagusa barabara za jirani zetu.

Sasa turudi kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo. Baiskeli mpya za bei ya chini zenye shokapu mbele na nyuma ziache. Kwa bei hiyo pesa imeishia kwenye springi nzito, na fremu karibu zote zinakuja kwa ukubwa mmoja, usio wako. Tafuta mtumba. Chaguo la kwanza ni fremu ya chuma isiyo na shokapu, ya miaka ya 1980 au 1990, yenye bomba la kiti la inchi 21 au zaidi: magurudumu yake ni 26, na matairi yake yanapatikana kirahisi. La pili ni baiskeli ya 29 iliyoandikwa XL, ukiipata. Lakini uikague rimu, maana tairi la 28 la baiskeli ya Phoenix halitaingia: rimu ya Phoenix ni milimita 635, na ya 29 ni 622. Yaani inayoitwa kubwa ndiyo yenye rimu ndogo, na watu wananunua matairi bure kwa kutojua hilo.

Ukienda kwa muuzaji, chukua futi ya kupimia. Pima bomba la kiti, kisha keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulala upande, na alama ya nguzo ya kiti ibaki imezama ndani ya bomba. Inuka usimame, geuza usukani, magoti yasiuguse. Muuzaji akikuzuia kujaribu hayo, usinunue kwake, hata akipunguza bei.