Visima vya Ferlo

Ukiuliza ng'ombe wa nchi kavu wanakufa kwa sababu gani, wengi watakujibu: kwa kiu. Habari ya Ferlo, upande wa kaskazini wa Senegali, ni nyingine.

Zamani Wapeuli walichunga huko hasa wakati wa mvua, nao ni miezi mitatu tu au kupita kidogo. Vidimbwi vilipokauka, wengi waliondoka na makundi yao, wakashuka mpaka mto Senegal. Hivi majani ya Ferlo yalipata kupumzika.

Katika miaka ya 1950 Wafransa walichimba visima vya mashini, meta 200 chini na zaidi. Huko kuna maji mengi sana, yaliyojikusanya tangu zamani za kale. Mvua ya siku hizi karibu haiyafikii. Watu walifurahi, na nani asingefurahi? Jamaa nyingi zikakaa mwaka mzima karibu na pampu, na ng'ombe wakaongezeka.

Lakini wakati wa kiangazi ng'ombe hawezi kwenda mbali, maana lazima arudi kunywa kila siku, au kila siku ya pili. Basi makundi yote yalikula katika duara moja. Penye kisima udongo ulikanyagwa hata ukawa mgumu, na maji ya mvua yakapita juu yake pasipo kuingia. Mbele kidogo ikaota mimea ile ambayo ng'ombe hawaitaki.

Ndipo ukaja ukame wa 1968 mpaka 1973. Pampu hazikukosa maji, lakini ng'ombe walikufa kwa wingi, kwa njaa. Miti mingi ikakauka pia.

Tusiwatwike ng'ombe kosa lote. Mvua iliporudi katika miaka ya 1990, majani yaliota tena mahali pengi, kwani mbegu zake hungoja mchangani. Miti ilichelewa. Huko Widou Thiengoly wataalamu walizungusha seng'enge wakapima majani miaka 27, tangu 1981 hata 2007. Waliona kwamba mvua ndiyo inayotawala majani ya kila mwaka. Lakini palipochungwa siku zote bila kupumzika, nchi ilizidi kuchoka.

Wapeuli wenyewe walijipatia njia yao. Hujaza maji katika mipira ya magurudumu ya lori, wakaipakia juu ya mikokoteni ya punda, wakapeleka maji kule majani yaliko.